Fulana ya Damu ya Mzee

Wewe umewahi kuionea wivu fulana?

Usicheke. Mke mwenza afadhali. Ana jina, ana nyumba, na ukichoka kabisa unaweza kumpigia kelele dirishani ukapumua. Fulana haina mdomo. Ukiinunia haijali. Ukiifua kwa hasira inazidi kutakata. Mimi nimeishi na ya aina hiyo ndani ya nyumba yangu wiki tano nzima, na nitakueleza ilivyokuwa, ila usinikatize, maana nikikatizwa narudia mwanzo.

Mimi ni Kulthum, mshona kofia. Niliacha shule darasa la sita, nikashika sindano, na sijaiweka chini mpaka leo. Kofia zangu ni zile za mkono, za bafta nyeupe, ambazo kila kitundu hutobolewa peke yake kisha kikazungushiwa uzi mpaka ukingo wake ukawa mgumu kama ukucha. Kofia moja hunichukua miezi mitatu. Nikiharakishwa, minne.

Mume wangu, Gharib, alikuwa akiendesha boti ya mashine, akivusha wageni wa hoteli kule Ras Kitau. Miaka arobaini na miwili ya ndoa, na asubuhi yake hata moja sikuipata. Akirudi msikitini alfajiri anasimama mlangoni, anachukua chupa yake ya chai, huyo. Jioni anarudi na chumvi masikioni, anakula, analala. Watoto watatu tumezaa, wajukuu saba tumepata, wote wako Mombasa na Mokowe, na mimi nikawa nimezoea kwamba asubuhi ni yangu na kofia.

Sasa mwaka jana, siku tatu baada ya Maulidi, Gharib aliteleza akishuka darini na ndoo ya maji. Bega la kulia likavunjika. Likaungwa, mfupa ukashika, lakini mkono wenyewe ukaganda. Haukupanda juu ya kifua. Shati hawezi kuvaa. Kanzu ndiyo kabisa.

Basi ikawa kila asubuhi ananiita nimvike. Sikiliza alivyokuwa akiniita. Tangu tupate mtoto wa kwanza mimi kwake ni Mama Ubaid, mbele za watu na nyuma yao. Lakini mtu aliyekwama na mkono mmoja kitandani hana subira ya majina marefu. "Kulthum! Ndoo!" Ndoo hiyo ni njoo ya kwetu kisiwani Amu, si ndoo ya maji. Nami nasema labeka, nawacha kofia yangu, nakwenda.

Kwanza naingiza mkono mbovu, kidole kwa kidole, taratibu. Kisha navuta begani. Kisha mkono mzima. Kisha vifungo, kuanzia chini kupanda juu, maana nikianzia juu kidevu chake kinanizuia. Dakika ishirini, na katika dakika hizo ishirini mwanamume ambaye hakuwa na maneno alianza kusema. Alinieleza mambo ya bahari ambayo hakuwahi kuyatia mdomoni. Siku moja akaniambia kwamba siku ya harusi yetu viatu alivyovaa vilikuwa vya kuazima, vimembana vidole, ndiyo maana alikunja uso usiku kucha. Miaka arobaini na miwili mimi nikidhani aliniona mbaya! Nilicheka mpaka nikakaa kitandani, na kifungo cha tatu bado kiko wazi.

Huo ndio mwezi niliokuwa mke. Na ndio mwezi alioingia Mourine.

Mourine ni msichana wa Vihiga aliyeletwa Amu na kazi. Kazi yake kunyoosha viungo vya watu. Alikuja kwetu kila Jumanne na Ijumaa saa mbili asubuhi, kabla hajaenda hospitali, na mkoba wake wa mgongoni na meno yake yenye mwanya. Mtu mzuri, sitasema uongo. Anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Ila alimwita mume wangu Kapteni.

"Kapteni, leo tunapandisha mkono mpaka wapi?"

"Mpaka mbinguni, sista."

"Aki wewe! Fika tu kwa sikio, mimi nitafurahi."

Sikio halikufikiwa. Lakini wao walicheka, na mimi niko pembeni nimeshika trei ya chai kama mgeni.

Ijumaa moja akaitoa kwenye mkoba. Fulana. Kitambaa laini cha kuvutika, rangi ya damu ya mzee, mikono mirefu kidogo, shingo pana, na mstari mweupe mmoja kila ubavu. "Nimeshona mwenyewe wikendi, Kapteni. Sasa angalia: mkono mbovu kwanza, kisha kichwa, kisha mkono mzima. Hakuna kuinua kitu." Gharib akafanya. Kitambaa kikamfuata kama maji, kikafunguka kupisha kichwa kikajirudisha, na akasimama katikati ya chumba akijitazama tumbo, anatabasamu kama aliyefaulu mtihani.

Kesho yake alfajiri niliweka kofia mapajani nikasubiri kuitwa. Nikasikia kitanda kinalia. Nikasikia hatua. Mara huyo ameingia sebuleni, amevaa, kila kitu kiko mahali pake. "Sabalkheri, Mama Ubaid. Chai i tayari?"

Mama Ubaid.

Kesho yake vile vile, na mtondo. Aliivaa siku tatu bila kuivua ila kulala. Nikaifua nikaianika kivulini, ukutani pasipofika jua, nikijua haitakauka upesi. Akavuta kiti akakaa chini yake akiisubiri, kama paka chini ya samaki. Nikaificha ndani ya kasha, chini ya kanzu zake za Idi. Akaitoa. Sijui aliionaje, na mato yake hayaoni hata uzi mweupe kwenye sindano.

Na nje nako wakanimaliza. Wazee wa barazani walimtania: "Gharib, yeo wacheza namba ngapi?" naye akawajibu kwamba yeye ni golikipa, mkono mmoja unamtosha. Haya, hao ni wanaume. Lakini Bi Afra, jirani yangu wa ukuta mmoja, yeye alitoa kichwa dirishani nikipita na kikapu.

"Bi Kulthum, nasikia sindano yako imepata mke mwenza."

"Sindano haiolewi, Bi Afra."

"Ah, mimi nasema nionayo. Mwanamume mwenye mke fundi, kufunikwa kifua na mgeni! Mimi ningekuwa wewe..."

"Ungekuwa mimi ungekuwa na kazi, usingekuwa dirishani."

Nilimjibu, lakini maneno yake nilirudi nayo nyumbani, chini ya vitunguu, ndani ya kikapu. Mume wangu kila Idi huvaa kofia ya mkono wangu. Kofia arobaini na mbili, mpya moja kila mwaka. Lakini kofia huvaliwa juu ya kichwa, ikavuliwa. Fulana inamkumbatia mtu kutwa. Nikasema: kama ni fulana, nitamshonea fulana nzuri mpaka ile nyingine aitumie kufutia boti. Aivae yangu, na Ijumaa Mourine akija amkute ndani yake.

Nilikwenda kwa Hamdun, muuza vitambaa wa Ndia Kuu. Nikachagua cheupe, maana sisi kitu cha heshima ni cheupe. Hamdun akakivuta mbele yangu, kikaenda, kikarudi.

"Bi Kulthum, hiki si bafta. Hiki chataka mshono wa kulegea, kivutike nao. Ukikaza sana..."

"Hamdun mwanangu, ulipoanza chuo cha Kurani nani alikushonea kofia?"

"Ni wewe, Bi."

"Kitwa chako nakijua kuliko mamako. Nikatie."

Akanikatia. Ningemsikiliza pale, nisingekuwa na hadithi.

Nilishona baada ya chakula cha mchana, Gharib akiwa amelala na ile fulana imevuliwa, inaning'inia msumarini. Siku ya kwanza niliishusha nikailaza juu ya mkeka, nikaipima kwa mkono. Kifuani shibiri tatu na vidole viwili. Urefu shibiri tatu na nusu. Nikaigeuza nikatazama kazi ya Mourine ndani. Nilitaka nione uchafu, uzi uliofungwa ovyo, ukingo uliopinda. Haukuwapo. Mshono wake ulikuwa wa mashine, wa kupinda-pinda, umelegea, ukiuvuta unafuata. Nikajiambia: kazi ya uvivu hii, mshono gani unaochezacheza kama mlevi?

Na shingo yake! Imekaa wazi kama mdomo wa mtu anayeshangaa. Nikaipunguza. Nilipima shingo ya Gharib kwa uzi akiwa usingizini, nikaongeza vidole vitatu vya kupumua, nikakata.

Kitambaa kile kilinisumbua, sitaki kukuficha. Ukikikata, ukingo unajikunja kama jani la mgomba juani. Ukikishika kinakwenda, ukikiachilia kinarudi pengine. Bafta husubiri, hiki hakijui kusubiri. Lakini mimi najua. Nilikibana kwa pini kila upana wa ukucha, kisha nikashona kwa uzi wangu wa kofia, mishono ya kurudi nyuma, midogo, ya kukaza, mpaka kikatulia kama mtoto aliyefungwa mgongoni. Ubavu wa kulia siku mbili, wa kushoto mbili, mikono siku tatu. Kisha nikafika shingoni, na hapo ndipo nilipotaka Mourine atazame.

Nilizungusha safu mbili za vitundu, kama ukingo wa kofia. Sitini na nne. Kila kimoja nilikitoboa, nikakizungushia uzi, nikauma uzi kwa meno yaliyobaki. Nilipokuwa nikivishona nilikuwa nikihesabu maneno yangu: hiki cha Kapteni, hiki cha mpaka mbinguni sista, hiki cha Mama Ubaid chai i tayari. Wivu ukiwa na sindano mkononi hushona vizuri sana, mwenzangu. Sijawahi kutoa vitundu sawasawa vile.

Siku ya kumi na moja nikachemsha wanga, uji mwepesi kama wa kofia, nikachovya shingo peke yake, nikaitandaza juu ya mdomo wa sufuria ikauke kwa umbo zuri. Ilipokauka niliigonga kwa ukucha. Ikalia. Nikaivuta huku na huku. Haikutikisika hata kidogo, na mimi nikafurahi! Kwetu kofia isiyotikisika ndiyo kofia.

Ijumaa, saa moja na nusu, nikampelekea chumbani. Gharib aliishika kwa mkono wa kushoto akaigeuzageuza dirishani.

"Wewe hii umeishona lini?"

"Ulipokuwa umelala."

"Vitundu hivi vyote?"

"Sitini na nne."

"Subhanallah." Kisha akasema neno nililoliogopa. "Ngoja niivae mwenyewe. Najua sasa. Toka kidogo, nitakuja nikuoneshe."

Nikatoka. Nikasimama ukumbini, mgongo ukutani, nikisikiliza. Mkono mbovu kwanza. Kisha kichwa. Kisha kimya. Kisha kitu kikaanguka, nadhani ni kiti. Kisha sauti, iko mbali kama ya mtu aliye kisimani:

"Kulthum! Kulthum! Ndoo!"

Wiki tano sijaitwa jina langu, na Mungu anisamehe, kabla sijafikiri kuna nini, moyo uliruka kwa furaha.

Nikaingia. Gharib amesimama katikati ya chumba, hana kichwa. Ni nguo nyeupe tupu yenye miguu ya mzee. Shingo ya fulana imemkaza juu ya paji, haipandi wala haishuki. Mkono mzima umenaswa ndani, umebanwa tumboni. Na ule mkono mbovu umevutwa na kitambaa mpaka juu, umesimama kando ya kichwa kama mwanafunzi anayeomba ruhusa.

"Nimeingia wapi?" akasema mle ndani.

Nilicheka. Kisha akaguna, nikajua lile guno, ni la maumivu, kicheko kikakatika. Nikaishika shingo nikaivuta chini. Haikwenda. Nikaivuta juu. Akapiga kelele. Mshono wangu haukulegea hata uzi mmoja. Nilikuwa nimeukaza kwa mikono yangu hii. Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Mimi niliyepima vichwa vya nusu ya Amu, nimepima shingo, nikasahau kwamba njia ya kufika shingoni inapita kichwani.

"Nivue, Mama Ubaid. Bega lanichoma."

Na chini, mlangoni: "Hodi! Kapteni! Nimefika mapema leo!"

Alhamdulillahi, nilitaka Mourine amkute ndani ya kazi yangu, na dua ilipokelewa.

"Ngoja!" nikapiga ukelele. "Usipande!"

Mkasi wangu ulikuwa mezani, na mimi nikausimamia kama mtu anayetazama nyoka. Siku kumi na moja. Vitundu sitini na nne. Nikafikiri, kwa nini nikate mimi? Apande yeye, ndiyo kazi yake, aone atakavyofanya. Lakini nikamwona kwa mato ya moyo, yuko mbele ya mume wangu na mkasi wake wa dawa, anamkatia nguo yangu, anamtoa kichwa, anamfuta jasho. Atakuwa amemvika yeye na kumvua yeye. Na mimi nitabaki na trei.

Nikachukua mkasi.

"Usitikisike," nikamwambia. Nikaanzia ukingoni, upande wa bega la kulia, nikapita katikati ya vitundu. Wanga ulilia kila mkato, kra, kra. Nikakata shingo, nikafuata mshono wa bega, nikaenda nao mpaka unapoanza mkono. Ikafunguka kama ganda la embe. Kichwa cha Gharib kikatoka kimelowa jasho, nywele zake chache zimesimama, alama za vitundu zimechoreka kwenye paji lake, safu mbili, sawasawa.

Nilimshusha mkono polepole mpaka ukalala. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kazi ngumu hii, haivunjiki," na mimi nikaanza kulia, si kwa sauti.

Mourine alipanda, nilikuwa sijamkataza tena. Akasimama mlangoni akatutazama, mzee na nusu ya fulana, mimi na mkasi.

"Kapteni alikuwa amekwama?"

"Kama samaki kwenye dema," Gharib akasema. "Mkono ukapaa mpaka hapa." Akaonesha sikio.

"Kwa sikio? Wacha! Mimi nimejaribu wiki tisa, Mama anafanya na nguo?" Akacheka na ule mwanya wake, nikataka kumchukia, nikashindwa nusu. Kisha akainama juu ya bega la Gharib na kicheko kikamwisha. Alikuwa ameona vitundu. Akapitisha kidole juu yake, kimoja kimoja.

"Mama, hii ni mkono? Si mashine?"

"Ni mkono."

"Aki, yangu ni takataka."

Neno hilo nililingoja siku kumi na moja, na lilipokuja halikuwa na ladha niliyoitarajia.

Akaichunguza pale nilipokata. Akaufungua ule mkato, akaufunga, akaufungua. "Lakini mnajua, hii iko poa kuliko yangu. Ikikaa wazi hivi begani, haivutwi kichwani kabisa. Unamwekea mkono, unaizungusha, unafunga hapa juu. Bega halifanyi kazi yoyote." Akanitazama. "Usiitupe, Mama. Kunja huu ukingo, utie kitu cha kufunga."

"Kitu gani?"

"Zipu ndogo. Zipu ndiyo fiti, atavuta na mkono mmoja, hatahitaji mtu. Ama vifungo, lakini vifungo vya begani hawezi mwenyewe. Mkono wa kushoto hautafika vizuri. Lazima mtu amfungie kila siku."

"Basi zipu," Gharib akasema upesi. "Zipu. Mama Ubaid apumzike."

"Nipumzike nini?" nikauliza.

Akaangalia sakafu. "Wewe una mgongo. Nilikuona kila ukiinama kunivika unashika kiuno. Ndiyo nikamuomba sista anishonee kitu nitakachovaa peke yangu."

"Alinisumbua wiki mbili, Mama," Mourine akasema. "Kila nikija, 'Sista, mke wangu anaumia.' Mpaka nikashona."

Nilikaa kitandani. Wiki tano nimeipiga vita fulana iliyoshonwa kwa ajili ya mgongo wangu. Ungefikiri wivu ungetoka pale pale, uage, uende zake. Haukutoka. Ulibaki umekaa kifuani unanitazama, maana kesho asubuhi zipu itapanda, zrrr, na Gharib ataingia sebuleni amevaa, na ataniuliza chai.

Mourine alikuwa amekwisha kutoa kalamu, anaandika kiganjani urefu wa zipu ya kununua kwa Hamdun. Gharib alikuwa akipapasa alama za paji lake. Sisi watu wa umri wetu hatusemi mambo haya, na hatuyasemi mbele ya mgeni, tena msichana. Shingo yangu yote ilishika moto.

"Si zipu," nikasema.

Wakanitazama wote wawili.

"Mgongo wangu uliuma kabla yako na utauma baada yako. Uwache." Niliishika fulana pale begani, nikaufunga ule mkato kwa vidole, nikauachilia. "Mimi nataka vifungo. Vitano, vidogo, vya kushughulisha. Nataka kila asubuhi uniite Kulthum, nije nikufunge."